Bwana Vumbi, Kioo cha Ukubwa wa Ukucha na Kopo la Maziwa

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa maabara yetu atavua koti jeupe, atalipangusa vumbi ambalo halipo, atalikunja mara nne na kulikabidhi stoo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, bila kuhesabu siku mbili alizokuja kazini akiwa likizo kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, aliota mtu amefungua dirisha.

Mwandishi wa wasifu huu ni mhazili wa ofisi ya mkurugenzi na katibu wa kamati ya kuagana. Kamati ilimpa kurasa nne na amri ya kutomkasirisha mtu yeyote. Kurasa atazitumia zote. Kuhusu hiyo amri, tutaona mbele ya safari.

Kamati hiyohiyo ilimuuliza mstaafu angependa zawadi gani. Ikamwekea mezani orodha: saa ya ukutani, kiti cha kuegemea, blanketi zito. Alirudisha orodha ikiwa na maneno machache chini yake: nataka jina la aliyegusa maziwa yangu. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni dereva wetu, alishusha pumzi na kusema afadhali angeomba gari. Maana swali hilo lina umri wa miaka kumi na tisa, na kwa ajili yake kuna barua ya onyo kwenye faili la mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko sisi sote. Leo saa kumi faili linafungwa. Likifungwa na barua ndani, basi, imekaa humo milele.

Lakini tuanze mwanzo, kama wasifu unavyotaka.

Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Bwana Vumbi, na jina hilo alijipatia mwenyewe wiki ya kwanza, kwa tabia yake ya kuingia chumbani, kuinua pua kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua, na badala ya salamu kutamka neno moja tu: vumbi. Wakubwa kwa wadogo walijifunza kufuta meza kwanza, habari za asubuhi baadaye. Mlinzi wa getini anasema katika miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa hali yake kabla ya kuulizwa hali ya viatu vyake.

Kwa wageni waliokuja kuagana naye na hawajui tunafanya nini humu ndani, hebu tueleze kidogo, maana bila hilo hamtaelewa ilikuwaje kopo la maziwa likamlaza mkurugenzi mzima kwenye kochi. Tunatengeneza vihisio vya mwanga. Kihisio chenyewe ni kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na ndani yake kuna njia nyembamba kuliko unywele ambayo mwanga unapita. Mwanga huo umefungiwa humo, lakini hauachi umbea: ukipita unachungulia nje kidogo, kama jirani dirishani. Kitu chochote kikitua juu ya kioo, hata kiwe kidogo namna gani, mwanga unakihisi, na mashine inachora mstari unaopanda kwenye skrini. Tunapitisha tone la damu juu ya kioo, na mstari unatuambia kama ile protini tunayoitafuta imo au haimo.

Ubaya ni kwamba mwanga unajua kuna aliyekaa, lakini haujui ni nani. Ndiyo maana uso wa kioo hupakwa kingamwili, ambazo kila moja humshika mgeni wake mmoja tu. Bwana Vumbi huwaambia wanafunzi kwamba ni kama harusi: kingamwili ni viti vyenye majina ya walioalikwa. Lakini baina ya viti kuna nafasi wazi, na damu imejaa wadandiaji ambao wakiona nafasi wanakaa, na wakikaa mstari unapanda bure. Basi nafasi hizo tunazijaza mapema kwa protini ya maziwa. Ndiyo, maziwa. Ya unga, ya dukani, haya haya. Yanaziba kila pengo, mdandiaji akija anakuta ukumbi umejaa, anajiendea zake. Kuuosha uso ule, kuupaka, kuuziba kwa maziwa na kuulinda na pumzi za binadamu, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kama mwosha chupa. Siku hizo vioo saba katika kila kumi vilikuwa vinaharibika kabla ya kupimiwa chochote, na watafiti walikuwa wakilaumu umeme, wakilaumu mvua, na mmoja, ambaye sasa ni profesa na hatutamtaja, alilaumu mkono wa mtu. Bwana Vumbi aliomba kigoda, akakaa kona ya maabara siku tatu akiangalia tu. Siku ya nne akatoa orodha ya wahalifu: poda, manukato ya profesa, sweta la mhasibu, na dirisha. Leo kinaharibika kioo kimoja katika kumi. Mhasibu bado ana kinyongo kuhusu sweta.

Si msemaji sana. Husema kwa lebo. Penye sinki ameandika KUNAWA NI KUNAWA, SIYO KULOWA. Kwenye kiti cha maabara kuna KITI HIKI KIMEFUTWA, WEWE JE? Koti la profesa liliwahi kukutwa asubuhi likiwa na karatasi kifuani: NAOMBA LIKIZO NIKAOSHWE. Na kwenye kopo la maziwa, rafu ya chini karibu na mlango, palikuwa na lebo fupi kuliko zote, kwa herufi kubwa: MAZIWA. USIGUSE. Laiti angeongeza neno moja la kueleza kwa nini.

Tabia yake nyingine, na hii naomba muikumbuke, ni kwamba karatasi yoyote huisoma kuanzia mwisho. Anasema matokeo hukaa mwisho, huko mwanzo ni salamu tu. Mke wake, mwalimu wa hesabu, anatuambia kwamba enzi za uchumba alimwandikia kurasa tatu za mapenzi, na jibu alilopata lilihusu sentensi ya mwisho iliyosema mama anakuja Jumamosi. Mwalimu anakiri kwamba nusura avunje uchumba. Mama alipofika hiyo Jumamosi alikuta nyumba inang'aa mpaka akauliza kama kuna msiba, na ndoa ikapita.

Mafanikio yake ni mengi na yamo kwenye ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Ameandaa nyuso za kioo kwa vipimo sita ambavyo sasa vinatumika hospitalini. Amefundisha mafundi arobaini na tatu, na kati yao hakuna hata mmoja anayeweza kuingia nyumba ya watu bila kupitisha kidole juu ya kabati. Wawili walishaitwa na wakwe zao kuhusu jambo hilo.

Sasa twende kwenye kopo.

Miaka kumi na tisa iliyopita walikuja wageni watano wa tathmini. Wao ndio wangeamua kama maabara iendelee au igeuzwe chumba cha kuhifadhia meza mbovu. Kipimo chetu kilikuwa cha moyo: msuli wa moyo ukiumia, kuna protini inayovuja na kuingia kwenye damu, na kioo chetu kiliweza kuikamata kwa dakika kumi. Mkurugenzi wa wakati ule, mtu wa kifua mbele hasa palipo na wageni, alitoa kidole chake mwenyewe kuonyesha kwamba kwa mtu mwenye afya mstari hulala chini, tuli.

Mstari ukapanda. Jamani, ulipanda!

Mkurugenzi alitazama skrini, akashika kifua, akaomba kochi. Alipolazwa akaanza kutoa wosia. Akagawa funguo za gari. Akawasamehe watu ambao hawakuwa wameomba msamaha, akiwemo mhasibu, kwa kosa ambalo mhasibu mpaka leo anaapa hakulifanya. Dereva akatobolewa kidole ili damu yake ilinganishwe, naye mgonjwa. Kiongozi wa wageni, mama mmoja aliyekuja akiwa na haraka zake, akatoa kidole chake. Mgonjwa vilevile, na pale pale akampigia simu mumewe kumwelekeza ufunguo wa kabati ulipo.

Bwana Vumbi peke yake hakushtuka. Alitoka, akaenda kantini, akarudi na yai bichi. Akatenga ute, akauzimua, akaupitisha juu ya kioo kipya mbele ya wote. Mstari ukapanda. Ndipo akawageukia wageni na kuwaeleza kwa adabu zote kwamba, kwa mujibu wa mashine hii, yai nalo lina maradhi ya moyo, na kwa kadiri ya elimu yake yai halina moyo. Mkurugenzi aliinuka kwenye kochi buheri wa afya, akadai funguo zake za gari.

Wageni waliondoka wakicheka, na kwa maabara hilo ni baya kuliko kuondoka wakilia. Walitupa mwaka mmoja wa kurudia onyesho. Tulirudia, mstari ukalala kama ulivyotakiwa, na meza mbovu zikatafutiwa chumba kingine. Lakini siku ile lazima apatikane wa kubeba lawama, hasa kwa vile mkurugenzi alikuwa ameshamrithisha dereva gari. Ripoti iliuliza uso wa kioo ulioharibika ni wa nani. Bwana Vumbi aliandika kwa mkono wake: ni wangu. Ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote ukumbini. Akapewa barua ya onyo, na cheo cha fundi mkuu alichokuwa ameahidiwa mwezi ule kikaenda kwa mwingine. Alikisubiri miaka sita.

Wiki tatu baada ya barua ndipo alipogundua. Alichukua unga wa kwenye kopo, akaukoroga kwa maji ya vuguvugu, akatia siki. Maziwa ya kweli yakitiwa siki hukatika; haya yalibaki yanamwangalia tu. Hayakuwa maziwa. Ulikuwa ni ule unga mweupe wa kutia kwenye chai, wa mafuta na sukari, ambao ng'ombe huusikia redioni. Hauna protini ya kuziba pengo lolote. Nafasi zote zilikuwa wazi siku ile, na wadandiaji wote waliokuwa kwenye damu za wakubwa walijikalia kwa raha zao. Alibeba kikombe mpaka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, ambaye bado alikuwa akionea haya ule wosia, alimjibu alete mtu aliyebadilisha, barua itafutwa. Bila mtu, atajuaje kwamba si yeye mwenyewe aliyenunua kitu sicho?

Siku hiyo lebo ikabadilika. Tangu hapo, kila kopo jipya linalofika maabara huandikwa: NANI ALIGUSA?

Upelelezi wake ungefaa kitabu. Mhasibu alishukiwa miaka mitano, kwa kisa cha sweta. Dereva alishukiwa kwa sababu alikaribia kufaidika na gari. Mlinzi alishukiwa kwa sababu hanywi chai kabisa, na mtu asiyekunywa chai, alisema Bwana Vumbi, anaficha kitu. Profesa aliondolewa kwenye orodha kwa hoja moja tu: kifuniko cha kopo kilikutwa kimefutwa vizuri, kwa hiyo mhalifu ni mtu msafi. Haya yote aliyapanga kila siku saa nne asubuhi ofisini kwa mwandishi wa wasifu huu, alikokuja kunywa chai kwa sababu ndiyo ofisi pekee aliyoiona haina vumbi. Akimaliza kuwataja washukiwa hutikisa kichwa, akamtupia jicho mhasibu kupitia dirishani, na kusema: kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi wa wasifu huu amepaliwa na chai mara nyingi sana.

Hapa mwandishi wa wasifu huu anaomba kuacha kujiita mwandishi wa wasifu huu. Ni mimi.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu kazini. Wale wageni watano walifika siku moja kabla ya onyesho, wakaketishwa ofisini, chai imeiva, maziwa hakuna, na mkurugenzi ananikata jicho. Maabara ilikuwa mlango wa pili. Nililiona kopo, nikaisoma lebo, na nikaamini kwamba kuna fundi mmoja mchoyo anayeficha maziwa yake ya chai. Hakuna aliyewahi kutuambia sisi watu wa karatasi kwamba maziwa ni kifaa. Nikayamimina yote. Mchana nikavuka barabara kwenda dukani kurudisha nilichochukua. Maziwa yamekwisha, wakaniambia, lakini kuna unga huu, mweupe zaidi na unayeyuka upesi. Nikajiona mtu mwema kweli. Nikajaza kopo mpaka pale pale lilipokuwa, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikafuta kifuniko.

Barua ya onyo niliichapa mimi. Vidole hivi hivi. Nilimpelekea mwenyewe, naye akaisoma kuanzia mwisho, akasaini kwamba ameipokea, kisha akaniangalia na kuniambia mwanangu, usitetemeke, kazi ngeni hutisha hivyo hivyo. Wallahi nilikuwa sijajua bado. Nilikuja kujua alipopita mlangoni kwangu na kile kikombe cha siki. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, nina mama wa kumtunza, nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na tisa, na njia nzima tulikuwa tunakunywa chai pamoja.

Binti yangu alipolazwa, huyu mzee na mke wake walishinda nasi hospitalini siku tatu kwa zamu. Alifuta vyuma vya kitanda, akafuta kabati, akafuta na dirisha la wodi, mpaka wauguzi wakaanza kujipanga mstari wakidhani ni mkaguzi. Usiku mmoja nilifungua kinywa nimwambie. Akadhani nalia kwa ajili ya mtoto, akanipa kitambaa. Kilikuwa safi, bila shaka. Huyo ndiye mtu niliyemwacha abebe barua yangu.

Jumatatu wiki hii nilikwenda kwa mkurugenzi wetu wa sasa, mama asiyependa maneno mengi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliuliza kama nilikuwa namaanisha miaka kumi na tisa kwa ajili ya vikombe vitano vya chai. Nikasema ndiyo. Akasema lawama ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote, kwa hiyo ukweli nao usomwe mbele ya wote, kwa maandishi na sahihi, kabla faili halijafungwa. Ndiyo haya mliyoyashika. Mimi nami nimepewa barua ya onyo. Kwa kuwa mhazili ni mimi, nimeichapa mwenyewe, nikajikabidhi, nikasaini kwamba nimeipokea. Mhasibu amekuja kuniomba nakala ya kutundika ukutani.

Barua hiyo siiogopi. Ninachokiogopa ni saa nne ya asubuhi na kikombe kimoja mezani.

Nakala za wasifu huu zimegawiwa mlangoni. Ya kwake tu ina ukurasa wa ziada nyuma: ni barua ile ya miaka kumi na tisa, ile ile niliyoichapa, imetolewa kwenye faili na kugongwa muhuri wa kufutwa. Nyinyi mmetoka mbali mpaka kufika mstari huu. Yeye, aliyeketi pale mbele kando ya mwalimu, ameanzia mwisho kama kawaida yake, na ameshajua tangu wa kwanza wenu alipokuwa anasoma habari za koti jeupe. Nimepanga hivyo makusudi. Alisubiri kuliko wote. Nimeona haki awe wa kwanza kupata jibu.

Mzee wangu, taasisi inakushukuru kwa nyuso zote ulizozilinda, na kwa wagonjwa waliojulikana mapema kwa sababu kioo kilikuwa safi. Mimi ninakushukuru na kukuomba radhi, na sitegemei ujibu leo. Tunakutakia wewe na mwalimu siku njema zilizojaa afya, madirisha yaliyofungwa, na chai yenye maziwa ya ng'ombe anayejulikana. Kopo jipya liko ofisini kwangu, nimelipima kwa siki. Kila siku saa nne maji yatakuwa yamechemka, na vikombe vitakuwa viwili.

Kuhusu lebo yako: niligusa mimi.

Mhazili, mlango wa pili kutoka maabara